Kutuliza mwili na kuandika upya ndoto za kutisha baada ya kiwewe: hatua kwa hatua

Watu waliopitia ajali, vita, ubakaji, kipigo au kifo cha ghafla cha mtu wa karibu huuliza maswali yaleyale wanaposikia kwa mara ya kwanza kwamba kiwewe kinaweza kushughulikiwa kwa kupitia mwili na ndoto. Je, ni lazima nisimulie yote yaliyonipata? Je, nianze na ile ndoto inayonitesa kuliko zote? Mbona nikifumba macho ili nitulie, ndipo hofu inapozidi? Swali la kwanza na la pili jibu lake ni hapana, na la tatu linajibiwa katika hatua ya pili.

Kazi inayoelezwa hapa ina sehemu mbili, na mpangilio wake haupaswi kugeuzwa. Kwanza unauzoeza mwili kurudi katika utulivu ukiwa macho. Kisha unachukua ndoto ya kutisha inayojirudia, unaiandika upya mchana kama upendavyo, na unaipitia hiyo mpya akilini kila siku. Sehemu hii ya pili ndiyo iliyofanyiwa utafiti wa kutosha. Mwaka 2001, daktari Mmarekani Barry Krakow na wenzake walichapisha katika JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, matokeo ya jaribio lililowahusu wanawake 168 walionusurika na ukatili wa kingono: waliofundishwa njia hiyo katika vikao vitatu tu walipungukiwa na ndoto za kutisha, wakalala vizuri zaidi, na dalili zao nyingine za kiwewe zikapungua. Ushahidi wa tiba za mwili peke yake ni mwembamba zaidi, nami sizitaji hapa kama dawa ya kila kitu. Nazitanguliza kwa sababu mtu ambaye hajui namna ya kujituliza akikabidhiwa ndoto mbaya aifanyie kazi, mara nyingi anatoneshwa kidonda, anaacha siku ya pili, na anabaki akiamini kwamba yeye ndiye asiyetibika.

Nadharia unayoihitaji ni ndogo. Baada ya hatari kubwa, mwili wa baadhi ya watu hubaki katika hali ya tahadhari hata hatari ilipokwisha kupita: moyo huenda mbio, misuli ya taya na mabega haiachii, na usingizi huwa mwepesi. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kipindi chenye ndoto nyingi huwa kirefu zaidi kadiri alfajiri inavyokaribia, ndiyo maana wengi hushtuka saa za mwisho za usiku. Kwa waliopatwa na kiwewe, hata hivyo, ndoto hizo huweza kuja mapema pia.

Nani asianze peke yake

Usianze bila mtaalamu wa afya ya akili ikiwa bado unaishi na mtu anayekudhuru au mahali penye hatari, ikiwa una mawazo ya kujiua au kujidhuru, ikiwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ikiwa una kifafa, au ikiwa mara nyingine unapotewa na muda na kujikuta mahali bila kukumbuka ulifikaje. Hali ya kwanza inahitaji usalama kabla ya tiba yoyote, kwa kuwa mwili ulio katika hatari ya kweli haukosei kukaa katika tahadhari, na kuufundisha utulie wakati huo ni kuudanganya. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri amalize mwongozo huu. Aende leo kwa kituo cha afya kilicho karibu au amwambie mtu atakayekwenda naye.

Utakavyovihitaji

Tafuta daftari ambalo hakuna mwingine atakayelisoma, kalamu, kiti kigumu chenye egemeo, na taa ndogo unayoweza kuiwasha bila kuinuka kitandani. Tafuta pia kitu cha kushika mkononi chenye umbo na uzito unaohisika, kama jiwe laini au shanga kubwa. Tenga dakika 20 za mchana au jioni mapema, lakini si saa ya mwisho kabla ya kulala. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba umeanza zoezi hili. Hahitaji kujua yaliyomo ndani ya ndoto, anahitaji tu kujua kwamba huenda ukampigia simu.

Andika pia majina ya dawa zote unazotumia. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa za kundi linalopunguza kasi ya moyo, na baadhi ya dawa za sonona huweza kuleta ndoto kali, na kuna watu waliohangaika kwa muda mrefu na ndoto ambazo chanzo chake kilikuwa ndani ya chupa ya vidonge. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa maana kuacha ghafla nako huleta ndoto za kutisha. Peleka orodha hiyo kwa daktari.

Hatua

1. *Weka kumbukumbu kwa wiki moja bila kubadilisha chochote.* Kila asubuhi andika saa uliyolala, saa ulizoshtuka, na ukali wa hofu kwa kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni utulivu kamili na 10 ni hofu kubwa kuliko zote unazoweza kuzifikiria. Ndoto yenyewe ipe kichwa cha maneno mawili au matatu tu, kwa mfano "Milango imefungwa" au "Maji yanapanda". Kosa la kawaida hapa ni kuandika kurasa nne za maelezo ya ndoto saa tisa za usiku, jambo linaloikaza ndoto akilini na kuufukuza usingizi uliobaki. Wiki hii huna unachotibu. Unapima tu, ili baadaye ujue kama mambo yanakwenda mbele au yanarudi nyuma.

2. *Jifunze kuuonyesha mwili mahali ulipo.* Kaa kwenye kiti, macho yakiwa wazi. Geuza shingo polepole kulia, kisha kushoto, kisha tazama nyuma yako, na macho yakae kidogo kwenye kila kitu yanachokutana nacho: ukingo wa dirisha, rangi ya pazia, mahali mlango ulipo. Taja kwa sauti vitu vitano. Hapa ndipo penye jibu la wale wanaofumba macho na kuzidiwa: ukifumba macho unauondolea mwili ushahidi pekee ulio nao kwamba hatari haipo chumbani, na kinachobaki ni giza pamoja na kumbukumbu. Maelekezo mengi ya kutulia huanza kwa "fumba macho", na kwa mtu mwenye kiwewe naona ni mwanzo mbaya. Fanya hivi mara tatu kwa siku, dakika mbili mbili, hata siku ambazo umetulia. Zaidi hasa siku ambazo umetulia, kwa sababu ujuzi huu haujengeki katikati ya hofu.

3. *Ongeza uzito na pumzi.* Kandamiza nyayo zote mbili sakafuni kana kwamba unataka kusukuma kiti nyuma, hesabu hadi tano, kisha legeza. Weka viganja ukutani, sukuma ukuta kwa nguvu kiasi hadi misuli ya mikono na mgongo ifanye kazi, kisha achia polepole. Baada ya hapo vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi nne, na uitoe ukihesabu hadi sita, mara sita au saba. Siri iko katika kutoa pumzi, kwani mapigo ya moyo hupungua kidogo tunapotoa hewa na huongezeka tunapoivuta. Usivute hewa nyingi kupita kiasi wala usiibane. Kupumua kwa nguvu na kwa haraka huleta kizunguzungu na ganzi ya vidole, na mwili wenye hofu hutafsiri hayo kuwa hatari mpya. Ikiwa kuangalia pumzi zako kunakuogopesha, jambo linalotokea sana kwa waliowahi kukabwa au kuzama, achana na pumzi kabisa na ubaki na nyayo na ukuta.

4. *Pishanisha sehemu tulivu na sehemu iliyokaza.* Peter Levine, Mmarekani aliyeanzisha mojawapo ya tiba zinazojulikana zaidi za kiwewe kupitia mwili, alisisitiza kazi ifanywe kwa vipimo vidogo, na kwa maoni yangu huo ndio ushauri wake wenye thamani kuliko mengine yote. Tafuta kwanza sehemu ya mwili isiyo na shida yoyote. Inaweza kuwa kidole gumba cha mguu, ncha ya pua au viganja vilivyokumbatia lile jiwe. Kaa hapo kwa nusu dakika. Kisha peleka akili kwenye sehemu iliyokaza, tuseme kifua au koo, kwa pumzi mbili au tatu tu, ukiangalia umbo la hisia hiyo: ni joto au baridi, inabana au inasukuma, ina ukubwa gani. Kabla haijazidi, rudi kwenye sehemu tulivu. Nenda na urudi mara nne au tano, kisha malizia kwa hatua ya pili.

   Wakati wa kufanya hivi, unaweza kupiga miayo, kutetemeka kidogo, kutokwa na machozi au kusikia tumbo likiunguruma. Viache viende vyenyewe. Havihitaji kuzuiwa na havihitaji kuchochewa. Wapo wanaojilazimisha kutetemeka au kupiga mayowe wakiamini kwamba kadiri mlipuko unavyokuwa mkubwa ndivyo kiwewe kinavyotoka, nao mara nyingi hulala vibaya zaidi usiku huo. Kipimo chako kikipita 6, simama, tembea, osha uso kwa maji baridi, na uishie hapo kwa siku hiyo.

   Baki katika hatua ya pili hadi ya nne kwa wiki mbili angalau. Uko tayari kwenda mbele pale unapoweza kujishusha kutoka 5 hadi 3 ndani ya dakika kumi, walau katika siku nyingi. Asiyefika hapo baada ya mwezi mmoja anahitaji mtu wa kumsaidia, na ndoto zinaweza kusubiri.

5. *Chagua ndoto ndogo.* Rudi kwenye kumbukumbu zako na uchague ndoto yenye ukali wa 3 hadi 5. Isiwe ndoto inayorudia tukio lenyewe kama lilivyotokea. Hiyo ifanyie kazi baadaye, au pamoja na mtaalamu. Wengi hupinga hatua hii kwa hoja kwamba hawakuja kutibu ndoto ndogo. Lakini kinachojengwa hapa ni uwezo wa akili wa kubadilisha picha ikiwa macho, na uwezo huo ukishajengeka huhamia wenyewe kwenye ndoto nyingine, zikiwamo ambazo hukuzigusa.

6. *Iandike kwa ufupi, mara moja tu.* Sentensi tano hadi nane zinatosha, kwa wakati uliopo: "Niko kwenye ushoroba mrefu, ninajaribu mlango wa kwanza, umefungwa." Andika pia mwili ulihisi nini na wapi. Unaruhusiwa kukomea kabla ya sehemu mbaya kuliko zote, na hakuna utakachopoteza. Ukimaliza, fanya hatua ya pili na ya tatu kabla ya kuendelea.

7. *Ibadilishe upendavyo.* Haya ndiyo maelekezo yote, na ndiyo yanayowachanganya wanaotaka kuambiwa wabadilishe nini. Unaweza kubadilisha mwanzo, kitu kimoja cha katikati, mwisho, au ndoto nzima. Aliyeota milango iliyofungwa anaweza kuzishusha kuta za ushoroba hadi kiunoni, akaona uwanja wenye watu upande wa pili. Aliyeota maji yanayopanda anaweza kugundua kwamba anapumua ndani yake kama samaki. Mantiki haihitajiki, kwa kuwa ndoto yenyewe haikuwa nayo. Jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni kugeuza ndoto kuwa pambano la kulipiza kisasi. Picha za damu huuacha mwili ukiwa umekaza hata pale unaposhinda, kwa hiyo ni afadhali mtu mbaya apungue ukubwa, apoteze njia au asiwepo kabisa. La pili ni kuandika ndoto mpya iliyojaa mawazo na isiyo na mwili. Weka ndani yake hisia mbili au tatu: upepo usoni, ardhi imara chini ya nyayo, mabega yanayoshuka. Hapo ndipo kazi ya hatua nne za mwanzo inapolipa, kwa sababu sasa unazijua hisia hizo na unaweza kuziita.

8. *Ipitie ndoto mpya kila siku.* Tumia dakika 10 hadi 20, ukiwa umekaa, macho wazi au nusu wazi. Soma ulichoandika, kisha kione akilini polepole, kisha malizia kwa kutazama chumba. Ndoto ya zamani usiisome tena. Ukurasa wake ukunje au uubane kwa klipu. Usishughulikie zaidi ya ndoto mbili tofauti kwa wiki moja. Zoezi hili si kujaribu kudhibiti ndoto ukiwa usingizini, na huhitaji kuiota ile mpya ili ujue kwamba inafanya kazi. Wengine huiota, wengine huota kitu cha tatu, na wengine hulala tu.

9. *Weka mpango wa usiku.* Uandike kwa herufi kubwa na uuweke karibu na kitanda, kwa kuwa mtu aliyeshtuka hakumbuki maelekezo. Washa taa. Kaa, shusha miguu sakafuni. Sema kwa sauti jina lako, tarehe ya leo na mahali ulipo. Kandamiza nyayo, shika jiwe, tazama mlango na dirisha. Kunywa maji. Andika kichwa cha ndoto na namba yake, basi. Usichambue ndoto usiku na usifungue simu. Ikiwa usingizi haujarudi baada ya kama dakika 20, nenda ukakae kwenye kiti hadi macho yawe mazito, ili kitanda kisiwe mahali pa kusubiri hofu.

Kuhusu maana ya ndoto

Wapo watakaouliza kwa nini mwongozo huu hautafsiri ndoto. Kwa mtu aliyeumizwa, kutafuta maana mara nyingi hugeuka kuwa njia ya kuipitia ndoto ya zamani tena na tena, ilhali kinachohitajika ni kuipa akili picha nyingine ya kuizoea. Ikiwa unaamini kwamba ndoto hubeba ujumbe, imani hiyo haizuii zoezi hili. Ujumbe usiosomeka leo kwa sababu ya hofu unaweza kusomwa baadaye ukiwa umelala vizuri. Wasiokumbuka ndoto kabisa lakini huamka wakitetemeka nao wanaweza kufanya hatua ya saba: waanze na hisia waliyoamka nayo, waitafutie picha moja, kisha waibadilishe picha hiyo.

Mambo yasipokwenda sawa

*Ndoto zimeongezeka.* Katika wiki ya kwanza ya hatua ya tano kuendelea, ongezeko dogo si la ajabu. Likizidi wiki mbili, rudi hatua ya nne na uchague ndoto nyepesi zaidi.

*Ndoto mpya inageuka kuwa ya zamani katikati ya zoezi.* Fungua macho kabisa mara moja, usipigane nayo. Fupisha ndoto mpya hadi sentensi tatu, ichore badala ya kuiona akilini, au sogeza badiliko lako mwanzoni kabisa, kabla ya mahali ambapo hofu huanza.

*Sihisi chochote mwilini.* Ganzi ni hisia pia, na kwa mtu aliyewahi kushindwa kukimbia au kujitetea ni jibu la kawaida la mwili. Usiisukume. Tumia vitu vya nje: maji ya vuguvugu mikononi, uzito wa blanketi mapajani, kusukuma ukuta.

*Naamka na siwezi kusogea, kana kwamba kuna kitu kimenikalia kifuani.* Wakati wa usingizi wa ndoto, misuli mingi ya mwili hulegezwa, na mara nyingine akili huamka kabla misuli haijarudishiwa uwezo wake. Hali hiyo hupita yenyewe baada ya sekunde chache au dakika kadhaa. Jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu au ulimi, na utoe pumzi polepole. Hutokea zaidi kwa aliyekosa usingizi na kwa anayelala chali.

*Napiga mateke au ngumi nikiwa usingizini, au nakoroma na kukatika pumzi.* Haya mawili si ya kujitibu. Muone daktari, na kwa sasa ondoa vitu vigumu na vyenye ncha karibu na kitanda. Kukatika pumzi usingizini huharibu usingizi na huweza kuchochea ndoto mbaya, na zoezi la picha halitafungua njia ya hewa.

*Nalala vizuri nikinywa pombe.* Pombe huzuia ndoto mwanzoni mwa usiku, kisha ndoto hurudi kwa kishindo nguvu yake inapoisha. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila daktari, kwani kuacha hivyo kunaweza kuhatarisha maisha.

*Wiki sita zimepita na namba hazijashuka.* Linganisha na kumbukumbu za wiki ya kwanza kabla ya kukata tamaa, kwa maana mara nyingi idadi ya usiku mbaya hubaki ileile huku ukali wake ukiwa umeshatoka 8 hadi 5. Ikiwa kweli hakuna kilichosogea, peleka daftari kwa mtaalamu aliyesomea tiba ya kiwewe. Muulize mambo matatu kabla ya kuanza: amefundishwa njia gani na wapi, atafanya nini ukizidiwa katikati ya kikao, na kama tiba yake inahusisha kukugusa. Mguso wowote unapaswa kuelezwa kabla, kukubaliwa nawe kwa maneno, na kusimama mara unaposema basi. Anayekwambia kwamba kukataa kuguswa ni dalili ya ugonjwa wako, usirudi kwake.